Dondoo muhimu: Masikio ya mbwa wakati wa mvua

Sikio la mbwa hushikiliwa na gegedu. Gegedu likiwa gumu, sikio husimama, kama kwa mbwa wetu wengi wa kienyeji. Likiwa laini, au sikio likiwa refu na zito, huanguka. Kitoto cha German Shepherd huzaliwa na masikio yaliyolala, na mengi husimama kabla ya miezi 6. Anapobadilisha meno, masikio yanaweza kulala tena kwa muda, usihangaike. Tafadhali usiyakate ili kumfanya aonekane mkali. Ni ukatili, na hakumfai mbwa kwa lolote.

Shida kubwa ya masikio ya mbwa huku Kakamega ni unyevu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na tundu la sikio la mbwa huteremka kisha hupinda kuingia ndani, kwa hiyo maji hayatoki kirahisi. Sikio lililolala huzuia hewa, na hivyo kuvu na bakteria hustawi. Mbwa akinyeshewa au akitoka kuogelea mto Isiukhu, inua sikio umpanguse kwa kitambaa kikavu. Usichokonoe ndani kwa kijiti cha pamba. Mafuta taa na oili chafu ya gari visiguse sikio kabisa, huunguza ngozi.

Kagua kupe kila wiki, hasa nyuma ya sikio na kwenye mikunjo. Uchafu mweusi kama machicha ya kahawa mara nyingi ni dalili ya utitiri. Ncha za masikio yaliyosimama nazo hung'atwa na nzi hadi zitoe damu.

Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe au kutikisa kichwa kusikokoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema.