Kiwewe cha Vita: Maswali Wanayouliza Jamaa za Askari

Uganda na Burundi zilianza kupeleka wanajeshi Somalia mwaka 2007, na Kenya ikaingia Oktoba 2011. Baadhi yao wamerudi na viungo vyote vizima, lakini hawalali.

Kwa nini mtu aliyerudi mzima anaruka kitandani tairi likipasuka barabarani?

Vitani, mshtuko huohuo ndio uliomwokoa. Mwili ulizoea kuikabili hatari kabla akili haijapambanua, na bado haujaamini kwamba vita vimekwisha. Hicho ndicho kiwewe: ni ugonjwa, si woga. Zamani haikueleweka hivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uingereza iliwapiga risasi askari 306 wa jeshi lake na la makoloni kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao bila shaka walikuwa wagonjwa. Walisamehewa mwaka 2006, wakiwa kaburini karibu miaka 90. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu katika orodha yao mwaka 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam kupaza sauti.

Si afadhali asahau tu?

Angeweza, angeshasahau. Pombe humtuliza kwa saa chache, kisha jinamizi hurudi.

Tiba yenyewe inafanywaje?

Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya kusimulia ambayo imetumika pia kwa wapiganaji wa zamani mjini Goma. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni: hayo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha huweka ua, penye msiba jiwe. Mpiganaji huongeza vijiti kwa ukatili alioutenda mwenyewe, na wakati mwingine vijiti hivyo ndivyo vizito kuliko mawe, maana wapo wanaoteswa zaidi na walilotenda kuliko walilotendewa.

Kisha husimulia, kikao baada ya kikao, kwa mpangilio: alikuwa wapi, alisikia nini, mwili ulihisi nini. Mshauri huandika, na wanapokutana tena humsomea. Polepole tukio lile linapata tarehe na mahali pake, likaacha kumvamia kila usiku kana kwamba linatokea leo.

Lazima mshauri awe daktari bingwa?

Hapana, na hili linatia moyo sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda, waliowahi kutekwa na waasi, ulionyesha kwamba vikao 8 vya tiba hii, vilivyotolewa na wenyeji waliopewa mafunzo, vilipunguza kiwewe.

Na mila zina nafasi?

Zinayo. Waacholi wa huko kaskazini mwa Uganda humkanyagisha yai mtu aliyerudi kutoka msituni kwa waasi, mbele ya jamaa na wazee. Yai haliondoi jinamizi, lakini ukoo umeshatamka hadharani kwamba huyu ni wao. Aliyetibiwa vizuri kisha akaitwa muuaji kisimani ataumia upya.

Mke afanye nini?

Mumewe akiwa katika jinamizi, asimwamshe kwa kumtikisa; asimame mbali kidogo, amwite kwa jina. Asimlazimishe kusimulia, wala asimkatize akianza. Akitamka kwamba anataka kufa, silaha na sumu ziondolewe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Majeshi yetu nayo yana deni: ushauri nasaha uendelee hata baada ya kustaafu, na askari anayeuomba asinyimwe cheo kwa sababu hiyo.