Usimwambie Ni Saini Tu

Mdogo wangu wa Columbus, barua yako nimeisoma mara mbili. Mume yuko Mombasa, wewe ni raia wa Marekani, unahudumia wazee zamu za usiku na mshahara haufiki kiwango cha kumdhamini aje kuishi nawe. Binamu yako wa Texas amekubali kuwa mdhamini mwenza, nawe unauliza umwambie nini kabla hajatia saini. Wengi hawaulizi. Hupiga simu Jumapili, "kaka, kuna kikaratasi kidogo hapa," basi.

Kwanza hesabu, maana umeandika mtajumlisha kipato chako na cha binamu. Hapana. Mdhamini mwenza hubeba mzigo peke yake: kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, wakihesabiwa yeye, mkewe, wanaomtegemea, yeyote aliyemdhamini zamani ambaye bado yumo shingoni mwake, na mumeo juu yao. Ana watoto wanne? Pigeni hesabu kabla ya vigelegele. Kujumlisha kupo kwa ndugu mnayeishi naye nyumba moja, na huyo hujaza fomu I-864A. Wala usidhani binamu akijaza wewe umepona. Fomu yako ya udhamini, I-864, utaijaza vilevile, hata ungekuwa huna kazi, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwombea mumeo.

Halafu umeitaja ploti ya mumeo Kisauni kwa kupitia tu. Rudi hapo! Mali yake inaweza kuziba pengo, mradi iweze kuuzwa ndani ya mwaka mmoja na fedha kutolewa nchini. Kwa mume wa raia, thamani inayotakiwa ni mara tatu ya pengo. Kwa wengi wengine ni mara tano. Ukipungukiwa dola 4,000, itafutwe mali ya dola 12,000 baada ya kutoa madeni. Huenda binamu humhitaji kabisa. Ila ploti iwe na hati, maana neno la mzee wa mtaa halitamtosha ofisa wa ubalozi Nairobi.

Sasa lile la kumwambia binamu. Ile fomu ni mkataba unaoweza kufikishwa mahakamani. Mumeo akipokea baadhi ya misaada ya serikali inayotolewa kwa wenye kipato kidogo, waliotoa wanaweza kumdai binamu airudishe. Mzigo huo haumtoki mpaka mumeo awe raia, au ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke Marekani na kupoteza ukaazi wake, au afe. Talaka haimo. Mkiachana mwaka wa pili, binamu bado amefungwa kwa mtu ambaye si shemeji yake tena.

Mwambie hayo mkewe akiwapo. Najua unaona haya. Kwetu wifi huambiwa mambo yakishaiva. Lakini utawaomba taarifa ya kodi, na kama wanalipa kodi pamoja, jina lake limo humo. Usipomwambia wewe, karatasi zitamwambia.

Akikataa, usimnunie. Kuna watu wengine, hata asiye ndugu anafaa akiwa raia au mkaazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi, anayeishi Marekani.

Na kabla ya yote, mumeo ampigie binamu mwenyewe, ajitambulishe, aseme kazi gani anakusudia kufanya akifika. Hilo hukuligusa kwenye barua yako, na mimi ningekuwa binamu ndilo ningeanza kuuliza.