Kamba ya Kukwelea Miti: Uteuzi Unaoukinga Uti wa Mgongo

Kukwea miti kwa burudani ni mchezo wenye mafunzo na vifaa vyake. Nchini Marekani, chama cha Tree Climbers International kilianzishwa mjini Atlanta mwaka 1983. Mkweaji huning'inia kwenye kamba iliyopitishwa juu ya tawi imara. Hivyo, kuchagua kamba ni kuchagua kinga ya mwili.

Kwanza ni mnyumbuko. Kamba ya wapanda miamba hunyumbuka sana ili impokee anayeanguka. Kamba ya miti hunyumbuka kidogo, kwa kuwa mkweaji huielemea muda wote. Sharti lake ni moja: isilegee. Mtu akianguka mita 1 kisha akasimamishwa ndani ya nusu mita, mwili hupokea wastani wa nguvu mara 3 ya uzito wake. Akisimamishwa ndani ya sentimita 10, hupokea mara 11. Pingili za mgongo ni miongoni mwa viungo vinavyoubeba mshtuko huo.

Pili ni nyuzi. Kamba zinazofaa aghalabu huwa na unene wa milimita 11 hadi 13, zenye ganda la poliesta na kiini cha nailoni au poliesta. Katani, zao tulijualo vyema, hufaa kufungia mizigo. Lakini huoza kwa unyevu, na uozo waweza kujificha ndani ya msokoto. Polipropilini hudhoofishwa na jua, tena huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 165 za Selsiasi.

Tatu ni kamba ndogo ya fundo linalobana kamba kuu, kama fundo la Prusik. Fundo hilo hupata joto mkweaji anaposhuka. Kwa hiyo ifaayo ni kamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mathalani yenye nyuzi za aramidi.

Kabla ya kukwea, ipitishe kamba yote mkononi. Yenye mkato, uvimbe, ulaini usio wa kawaida au alama ya kuungua isitumike tena. Iwekwe mbali na jua na asidi ya betri, ambayo huiharibu nailoni.

Kwa wahudumu wa afya: aliyeanguka asiketishwe wala kukunjwa mgongo kabla ya kuchunguzwa. Aliyening'inia bila kujongeza miguu aweza kuzimia. Ashushwe upesi na kulazwa. Kisha ulizeni: kamba ilikuwa imelegea kiasi gani? Hata aliyedakwa na kamba kabla ya kufika chini aweza kuwa amevunjika pingili.