Kati ya Maudhi na Madhara: Somo kwa Anayetumia Dawa za Saratani ya Matiti

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyegundulika kuwa na saratani ya matiti katika hatua za mwanzo na kuandikiwa dawa za saratani za kuchomwa kwenye mshipa, yaani tibakemia, ambayo wengi huiita kemo. Limeandaliwa pia kwa ndugu anayemuuguza, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayeamua, usiku wa manane, kama waende hospitali au wasubiri kuche.

Tunatumia maneno mawili ambayo msomaji atayakuta mara nyingi katika vijitabu vya dawa. Maudhi ni usumbufu unaotarajiwa, unaoweza kutulizwa nyumbani kwa maelekezo ya daktari. Madhara ni dalili zinazotishia uhai au kiungo, na hazifai kutulizwa nyumbani. Lengo la somo hili ni kumwezesha msomaji kutofautisha hayo mawili.

Kwa nini dawa husumbua mwili

Chembe za saratani huzaliana kwa kasi, na dawa nyingi za tibakemia hushambulia chembe zenye tabia hiyo. Lakini zipo chembe za kawaida ambazo nazo huzaliana haraka: za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda na kinga ya mwili hushuka. Dalili hizo si ushahidi kwamba saratani imeenea. Vilevile, mgonjwa asiyepata maudhi makali asidhani kwamba dawa haimfanyii kazi.

Katika hatua za mwanzo, shabaha ya matibabu ni kuponya. Kwa sababu hiyo dozi hupangwa kwa tarehe maalumu. Kwa mfano, doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Anayeacha dozi kwa kuchoshwa na kichefuchefu hujipunguzia nafasi ya kupona, ilhali kichefuchefu kina dawa. Tunasisitiza basi: usivumilie kimya, na usiache dawa kimya. Sema.

Maudhi yanayotarajiwa

Kichefuchefu na kutapika. Dawa za kuzuia kutapika, kama ondansetroni, zinywe kwa saa zilizoandikwa hata kama hujasikia kichefuchefu, kwani kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Ondansetroni inaweza kusababisha kufunga choo; kunywa maji ya kutosha na umweleze daktari.

Mkojo mwekundu. Doksorubisini yenyewe ina rangi nyekundu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya dozi. Hiyo si damu. Ukiendelea hivyo baada ya siku hizo, au ukiambatana na maumivu, nenda hospitali.

Vidonda vya mdomoni. Tumia mswaki laini. Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Epuka pilipili na vitu vyenye uchachu.

Kunyonyoka nywele. Mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yanapokwisha. Hili halidhuru mwili, lakini tunajua kwamba huuma moyoni. Wengine huona nafuu kuzipunguza mapema kwa hiari yao.

Uchovu na ganzi. Pumzika, lakini tembea kidogo kila siku unapoweza. Ukitumia paklitaxeli na ukahisi ganzi au michomo vidoleni, mweleze daktari kabla ya dozi inayofuata. Ganzi isiyotajwa mapema inaweza kudumu.

Homa: dalili isiyosubiri

Tuchukue mfano. Mama amepata dozi ya kwanza siku ya Jumatatu. Wiki ya kwanza imepita kwa kichefuchefu na uchovu. Jumatano ya wiki ya pili, saa tano usiku, mwili unachemka na anatetemeka. Nyumbani wanasema ni malaria. Mmoja anashauri anywe parasetamoli alale. Mwingine yuko tayari kwenda duka la dawa kununua dawa ya mseto.

Ushauri huo ungemfaa pengine mtu mwingine, lakini si huyu mama. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa chache kuliko wakati mwingine wowote. Maambukizi madogo yanaweza kusambaa katika damu kwa muda wa saa chache. Parasetamoli itashusha joto na kuficha dalili, huku maambukizi yakiendelea. Hata kipimo kikionyesha malaria, bado hakiondoi uwezekano wa maambukizi ya bakteria. Mgonjwa huyu anahitaji kupimwa damu na kuanzishiwa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa bila kuchelewa.

Kwa hiyo nunua kipimajoto kabla ya dozi ya kwanza. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama joto halijafika hapo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwe usiku au sikukuu. Ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe: “Natumia dawa za saratani na nina homa.” Kama hospitali inayokutibu iko mbali, nenda kwenye hospitali iliyo karibu ukiwa na kadi yako ya kliniki, ili wasome aina ya dawa na tarehe ya dozi.

Dalili nyingine za kwenda hospitali mara moja ni hizi:
– kutapika kila unachokunywa kwa saa 24;
– kuharisha mara nne au zaidi kwa siku kupita kawaida yako;
– kushindwa kunywa kwa sababu ya vidonda vya mdomoni;
– kubanwa kifua, kushindwa kupumua vizuri au miguu kuvimba;
– kutoka damu isiyokoma.

Aidha, ukisikia maumivu au moto kwenye mshipa wakati dawa inaingia, mwite muuguzi papo hapo. Dawa nyingine zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Usalama nyumbani

Kwa saa 48 baada ya dozi, mkojo, choo na matapishi huwa na mabaki ya dawa. Anayeyasafisha avae glavu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kunywa maji yaliyochemshwa, osha matunda vizuri, na uepuke maziwa yasiyochemshwa. Tumia njia ya kuzuia mimba uliyoshauriwa na daktari, na usinyonyeshe hadi atakaporuhusu.

Kuhusu dawa za asili na virutubisho, usianze chochote kabla ya kumwonyesha daktari au mfamasia. Hatusemi kwamba kila mmea ni sumu. Tunasema kwamba baadhi huingiliana na dawa za saratani au kulielemea ini, na daktari hawezi kukukinga na kitu asichokijua.

Nunua dawa katika famasi iliyosajiliwa, dai risiti, na ukague tarehe ya mwisho wa matumizi. Usipokee dawa ambayo kifungashio chake kimefunguliwa au kimefutwa maandishi.

Toa taarifa

Tukio lolote usilolitarajia litolewe taarifa kwa daktari, mfamasia au mamlaka inayosimamia dawa. Andika jina la dawa, namba ya toleo kama unaijua, tarehe ya dozi, tatizo lilipoanza na jinsi lilivyokwisha. Huhitaji kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Uchunguzi huo ni kazi yetu. Kutoa taarifa hakumshtaki daktari wala hakukunyimi matibabu. Taarifa za wagonjwa wengi zikikusanywa pamoja ndizo zinazotuwezesha kugundua toleo bovu au dhara jipya.

Jipime

1. Taja siku ambazo kinga ya mwili hushuka zaidi baada ya dozi.
2. Kwa nini parasetamoli isitangulizwe mgonjwa anapopata homa?
3. Kipimajoto chako kiko wapi sasa hivi, na nani atakupeleka hospitali usiku?

Swali la tatu lijibiwe na watu wote wa nyumbani, kabla ya siku ya dozi.