Ndege Anayepiga Makofi Angani

SWALI: Mvua zikianza hapa Murungu, nikiwa shambani nasikia "prrr, prrr" juu angani, kama karatasi ikipeperushwa na upepo. Anayelia ni ndege mdogo wa kahawia. Je, ndiye kipozamataza wa jangwani?
Msomaji, Kibondo

JIBU: Hapana ndugu yangu, ila ni jamaa yake. Huyo ni kipozamataza wa miombo na nyasi, Mirafra rufocinnamomea. Sauti hiyo haitoki kooni. Dume hupaa juu, akagonganisha mabawa kwa mikupuo mifupi, kisha akajitupa majanini. Mdundo wake hutofautiana eneo hadi eneo, mithili ya lafudhi.

Wa jangwani, Ammomanes deserti, hukaa kwenye miteremko ya mawe, Sahara hadi Oman. Penye mawe meusi ya volkano huwa mweusimweusi. Penye mchanga, hupauka. Wako naye mgongo wake hufuata rangi ya udongo, ndiyo maana akitua humwoni.

Hutaga chini, kando ya shina la nyasi. Tafadhali, unapopalilia ukikuta kikombe cha nyasi chenye mayai mawili au matatu, kiruke. Vifaranga watakula wadudu wa shambani mwako.