Msuguano wa Theluji: Je, Kiswahili Chatosha?

Makala haya yanachunguza iwapo Kiswahili chaweza kumfafanulia mwanafunzi wa Huruma, Nairobi, ambaye hajaiona theluji, fizikia ya msuguano. Kwa hakika chaweza. Mkazi wa Huruma anajua kwamba mvua ikinyesha, tope jepesi huutelezesha mguu, ilhali zito huunasa. Uso wa barafu nao una utando mwembamba wa molekuli zilizolegea. Joto la msuguano huongeza maji, na ski hupata utelezi. Maji yakizidi, huing'ang'ania ski. Huo ndio ukinzani.

Hata hivyo, msuguano si adui tu. Katika mbio za kilomita 10 za mtindo wa jadi, Olimpiki ya Nagano, 1998, Mkenya Philip Boit aliuhitaji ili kujisukuma, kisha aupunguze ili ateleze. Alimaliza wa 92, wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyemngoja akamkumbatia.

Istilahi tunazo: msuguano kutokana na sugua, utelezi na teleza, ukinzani na kinza. Kinachokosekana ni kuzitumia darasani, ambako fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Wahenga walinena: kuteleza si kuanguka.