Tahara ya Viti vya Gari na Usafi Wake

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia mtaa wa Landless huko Thika, kandokando ya njia iendayo Garissa, ametuletea mas-ala. Mtoto wake alikojoa juu ya kiti cha nyuma cha gari. Yeye, kwa kuichunga tahara, alimimina ndoo mbili za maji juu ya kitambaa, akafunga milango, akaenda zake kulala. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi kule bara, jua halionekani. Siku ya nne gari likanuka uvundo, na chini ya zulia kumeota kuvu. Atuuliza: nilikosa wapi?

Twamjibu: ni wingi wa maji. Kiti cha gari si mkeka wa kuanikwa uani. Chini ya kitambaa pana sponji nene, nayo huyanywa maji upesi na kuyatoa kwa taabu. Wala dini haikumtaka hayo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ikisha kuondoka dhati ya najisi, maji safi yakipita mara moja mahali pake pote yatosha. Na mtoto mwanamume asiyetimia miaka miwili, ambaye hajala ila maziwa, mkojo wake hunyunyiziwa maji tu. Ndoo mbili ni wasiwasi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nasi twataka kisima kizima kwa shibiri moja ya kitambaa!

Basi mkojo ungali mbichi, ufyonzwe kwa nguo kavu kwa kukandamiza, bila kusugua, kwani kusugua huuzamisha ndani. Kisha yapitishwe maji kidogo, nayo yafyonzwe kwa nguo nyingine. Povu la sabuni peke yake halitahirishi.

Ama uchafu wa kawaida, khasa lile vumbi jekundu la Thika, dawa yake ni ukavu kwanza. Likiloweshwa huwa tope na kutia rangi. Mazulia yatolewe yakung'utwe, viti vipigwe burashi, vumbi livutwe kwa mashine aliye nayo. Ndipo itiwe sabuni kidogo katika maji ya vuguvugu, na burashi laini ichukue povu tu, si maji. Ajaribu kwanza pembeni pasipoonekana, asije akachujusha rangi. Damu na maziwa sharti maji baridi. Ya moto huvigandisha katika nyuzi.

Wengi huchanganya siki na soda ya kuokea wakafurahia lile povu, na hali kila kimoja kimekwisha kuua nguvu ya mwenziwe. Hilo ni hasara tu. Khatari ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: ikikutana na siki au na mkojo hutoa hewa ya sumu, na gari ni chumba kidogo. Tena asirushe maji chini ya viti vya mbele, maana katika magari mengi ndipo zipitapo nyaya za mifuko ya hewa ya kuokolea maisha.

Kazi ianze asubuhi ya siku ya jua, milango wazi hata alasiri. Na sisi wa Mombasa tusijisifu kwa jua letu, kwani hewa yetu ina unyevu. Kitambaa huonekana kikavu na sponji ingali mbichi. Kandamiza karatasi nyeupe kwa ngumi kwa muda. Ikitoka na unyevu, usifunge milango.